Thomas Jefferson: Rais aliyechagua mvinyo kwa mwaka wa mavuno, akafa na madeni

Kwetu Makambako na Njombe hakuna anayeuliza ulanzi ni wa mwaka gani. Unagemwa msimu wa mvua, leo ni mtogwa, baada ya siku chache ni mkangafu, basi. Mvinyo mwekundu wa zabibu una mambo yake. Ule ulio bora ukifungwa vizuri kwenye chupa unaweza kukaa miaka mingi huku ukizidi kuwa mzuri. Ndiyo maana duniani kuna watu wanaokusanya chupa na kuzitunza, na swali lao la kwanza huwa moja: zabibu zake zilivunwa mwaka gani?

Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea maisha ya mmoja wa wakusanyaji hao, Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani.

Jefferson alizaliwa Virginia tarehe 13 Aprili 1743, katika familia yenye mashamba makubwa na watumwa. Alisomea sheria. Mwaka 1776, akiwa na miaka 33, ndiye aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru wa Marekani, linalosema kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Lakini katika maisha yake yote alimiliki watu zaidi ya 600. Shika hilo, tutalirudia.

Mwaka uliomkatalia

Nyumba yake aliijenga juu ya kilima na kuiita Monticello. Mwaka 1773 alifika jirani mpya kutoka Italia, Philip Mazzei, aliyetaka kulima zabibu za mvinyo. Jefferson alimuunga mkono. Mwezi Mei 1774 ikaja baridi kali ya usiku, umande ukageuka barafu, na miche ikaungua. Ninyi wa Makete na Njombe mnaoona viazi vikiungua Juni na Julai, hamhitaji maelezo zaidi. Jefferson alijaribu tena mara kadhaa, lakini hakuwahi kupata mvinyo wa kuridhisha kutoka kwenye shamba lake. Akabaki mnunuzi.

Mwaka 1784 alitumwa Ufaransa, na mwaka uliofuata akawa balozi wa nchi yake huko. Mwaka 1787 alifunga safari ya zaidi ya miezi mitatu kusini mwa Ufaransa hadi Italia. Sababu aliyoitoa ni kutibu mkono wake uliovunjika kwa maji ya chemchemi. Lakini daftari lake lilijaa habari za udongo, ujira wa vibarua, mapipa na bei.

Mwezi Mei alifika Bordeaux, na hapo alijifunza somo kubwa la mkusanyaji. Kule zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, tofauti na Dodoma ambako wakulima huvuna mara mbili. Barafu ikiunguza machipukizi, jua likipungua, au mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, mwaka umeharibika. Mvinyo hutoka mwepesi au mchachu, na hakuna la kufanya ila kungoja mwaka unaofuata.

Jefferson aliandika majina ya mashamba manne yaliyoongoza kwa mvinyo mwekundu: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Kisha akaandika bei kwa kila mwaka. Mvinyo wa 1784, mwaka uliosifiwa sana, uliuzwa livre 2,400, fedha ya Ufaransa ya wakati huo, kwa kipimo cha tonneau, ambacho ni kama lita 900. Ule wa 1785, kutoka mashamba yaleyale, ulikuwa livre 1,800. Shamba ni lilelile, ila hali ya hewa imepunguza robo nzima ya bei.

Alitambua jambo jingine ambalo mkulima yeyote wa hapa analijua. Kati ya shamba na mnunuzi kuna madalali, na baadhi yao huchanganya kizuri na kibovu. Kwa hiyo alianza kuwaandikia wenye mashamba moja kwa moja, akiomba mvinyo ufungwe kwenye chupa palepale shambani.

Bili ya mvinyo

Alirudi Marekani mwaka 1789. Alimsaidia Rais George Washington kuagiza mvinyo, na mwaka 1801 akawa Rais mwenyewe. Katika miaka minane ya urais alitumia karibu dola 11,000 kwa mvinyo peke yake, wakati mshahara wake ulikuwa dola 25,000 kwa mwaka. Nyumbani Monticello alitengeneza kijilifti kando ya meko cha kupandisha chupa kutoka ghala la chini hadi chumba cha kulia.

Vita na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812 vilifunga njia za meli, na akiba yake ikapungua. Vilipokwisha mwaka 1815, alianza kuagiza tena, safari hii mvinyo mwingi wa bei nafuu kutoka kusini mwa Ufaransa. Mwaka huohuo aliliuzia Bunge maktaba yake, vitabu zaidi ya 6,000, kwa dola 23,950 ili apunguze madeni.

Hayakupungua vya kutosha. Mwaka 1818 alimdhamini rafiki yake kwenye mkopo wa dola 20,000. Uchumi ulipoanguka mwaka 1819, rafiki huyo akashindwa kulipa na mzigo ukamwangukia Jefferson. Alikufa tarehe 4 Julai 1826, akiwa na deni la zaidi ya dola 100,000. Mvinyo haukuwa chanzo pekee cha deni hilo, lakini alikuwa mtu aliyeandika kila senti aliyotumia, na bado hakupunguza matumizi.

Waliolipa

Hapa ndipo tunapowarudia wale watu 600. Katika wosia wake Jefferson aliwaacha huru watu watano tu. Mmoja alikuwa Joe Fossett, mhunzi. Mke wake, Edith, alikuwa mpishi mkuu wa Monticello, aliyefundishwa mapishi ya Kifaransa katika Ikulu. Vyakula vyake ndivyo vilivyoliwa pamoja na mvinyo ule.

Januari 1827 wadai walipotaka fedha zao, watu 130 walitangazwa kwenye mnada pale kilimani. Joe alikuwa ameahidiwa uhuru, huku Edith na watoto wao wakiuzwa. Ilimchukua miaka ya kazi kumrudisha mkewe na baadhi ya watoto.

Mwaka 1985, chupa ya mvinyo wa 1787 iliyodaiwa kuwa ya Jefferson iliuzwa London kwa pauni 105,000. Watafiti wa Monticello walipopekua kumbukumbu zake hawakuikuta, na chupa hiyo imebaki na mashaka hadi leo.

Mnada wa 1827 hauna mashaka. Mwenye kutafuta mavuno ya mwaka mzuri aliishia kuacha mwaka mbaya kwa watu waliomtumikia. Ndugu msikilizaji, kabla hujaweka sahihi ya kumdhamini mtu au kukopa kwa ajili ya anasa, jiulize kwanza nani nyumbani kwako atakayelipa siku wewe haupo.