Baiskeli ya Festo

Wiki hii nawaletea habari za Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, Uganda, aliyezaliwa 1919. Wazee wetu waliwahi kumsikia akihubiri. Sisi wa juzi tumebakiwa na jina tu.

Ujanani alikuwa mwalimu, tena mlevi. Moto wa uamsho ulikuwa umewaka kwao Rukungiri, naye akiukimbia. Jumapili moja, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuwa ametoka kunywa. Rafiki yake, mwalimu pia, akamjia kwa baiskeli, akamwambia ameokoka muda mfupi tu uliopita, kisha akamwomba msamaha kwa mambo fulani ya nyuma. Festo alichanganyikiwa. Alienda nyumbani, akaanguka kando ya kitanda, akamwona Yesu msalabani kwa ajili yake. Aliinuka amesamehewa.

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Mimi nilisomea biashara, najua deni likishafutwa kwenye vitabu hakuna wa kulidai. Lakini kila siku ya Meza ya Bwana naona ndugu na dada wakiacha kikombe kiwapite, ati kwa sababu ya kosa la miaka kumi iliyopita, ambalo walishalitubu. Wanaendelea kujidai wenyewe. Festo alipokea rehema siku hiyohiyo. Halafu hakukaa nayo nyumbani: kulikuwa na mmishonari mzungu Kabale aliyekuwa anamchukia, basi akapanda baiskeli, kama maili 50 za milima, akaenda kumwomba msamaha. Mimi kuna mtu Kayole ananidai neno la samahani, mwaka wa tatu huu, na kwake ni matatu moja tu.

Festo alifanywa askofu wa Kigezi 1972. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Festo na mkewe Mera wakatoroka usiku, kwa miguu, wakavuka milima hadi Rwanda. Aliyekosewa sasa ni yeye. Lakini Ijumaa Kuu, akiwa ibadani London, aliona jinsi moyo wake ulivyojaa uchungu juu ya Amin. Sisemi Amin hakuwa na hatia. Nasema askofu mzima, ameokoka miaka zaidi ya thelathini, alitubu upya kama yule mlevi wa Rukungiri. Mwaka huohuo alitoa kitabu, na jina lake linasema wazi kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa sana.

Amin alipoanguka 1979, Festo alirudi Kigezi kwa kondoo wake. Alifariki hapa kwetu Nairobi, Mei 1988, akiwa bado askofu wao.