Mwana Kupona: Mama Aliyemrithisha Binti Yake Beti 102

Katika ukurasa wetu wa Ijumaa ya leo tumeonelea tuzungumzie malezi ya watoto, hasa jambo moja ambalo wazazi wengi siku hizi wamelifanya kuwa la mchezo. Jambo lenyewe ni kuwafundisha watoto sanaa: kusoma na kutunga mashairi, kuandika hati nzuri, kuchora nakshi na kufanya kazi za mikono.

Wapo wazazi wanaosema kuwa hayo ni mambo ya kupoteza wakati, na kwamba mtoto anayetaka maisha mema ashike hesabu na sayansi tu, jioni apelekwe tuisheni, basi. Hatusemi kuwa hesabu na sayansi hazina maana. Tunachouliza ni hiki: mtoto aliyenyimwa sanaa amenyimwa nini? Ili tulijibu swali hili, tumechagua kusimulia maisha ya bibi mmoja mashuhuri wa pwani yetu, Mwana Kupona binti Mshamu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mji wa wanazuoni na mafundi

Mwana Kupona alizaliwa Pate takriban mwaka 1810. Kisiwa cha Pate kimo katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, na ndani yake mna miji ya kale, ikiwamo Pate yenyewe na Siyu. Bibi huyu alizaliwa Pate, akaolewa Siyu, na utunzi wake ukaenea pwani nzima.

Ni vyema msomaji aufahamu mji wa Siyu ulivyokuwa zama hizo, kwani bila ya kuufahamu mji huo hatutaelewa namna mwanamke alivyoweza kufikia daraja ile ya utunzi. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi kwa pamoja. Humo walikuwamo waandishi waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa nakshi za rangi, na misahafu ya Siyu ingali ikichunguzwa na wataalamu hadi leo. Walikuwamo waliojalidi vitabu, waliofanya kazi za ngozi, waliochonga mbao na waliofua silaha. Katika mji wa namna hiyo elimu na sanaa hazikutenganishwa. Mtoto aliyejifunza herufi alijifunza pia kuziandika zikapendeza, na aliyejifunza dini alijifunza kupitia kasida na tendi zilizosomwa kwa sauti.

Lugha ya Kiswahili wakati huo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo aliyefundishwa kusoma Qur'ani alikuwa tayari ameshika ufunguo wa kuandikia lugha yake mwenyewe. Mwana Kupona aliupata ufunguo huo, naye akautumia.

Mke wa Bwana Mataka

Mume wake alikuwa Sheikh Mataka, maarufu kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Huyu alikuwa mtu wa vita na msimamo, ambaye kwa miaka mingi alikataa kuuweka mji wake chini ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka majeshi yake kwenda kuitiisha Siyu, lakini yakashindwa. Mwana Kupona, basi, aliishi katika nyumba ambayo habari za vita zilikuwa jambo la kila siku, wala hakuwa mtu wa maisha ya raha tupu.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia, na mwaka huo huo Seyyid Said naye akafariki. Mwana Kupona akabaki mjane, akiwa na watoto wawili: binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa anaukaribia umri wa kuolewa, na mwanawe mdogo wa kiume, Muhammad. Mji ulikuwa umempoteza kiongozi wake, na katika miaka ya 1860 hatimaye Siyu iliangukia mikononi mwa Zanzibar.

Wosia wa mgonjwa

Baada ya kufiwa na mumewe, maradhi nayo yakamwandama. Mwaka 1858, yaani mwaka 1275 Hijria, Mwana Kupona aliona kuwa huenda siku zake si nyingi. Tumtafakari mama huyu, msomaji. Ana binti wa miaka 17 hivi, baba wa binti hayupo, na yeye mwenyewe ni mgonjwa. Kila alichotaka kumfundisha mwanawe kwa miaka mingi ijayo ilimpasa akifundishe sasa. Tena ilimpasa akifundishe kwa namna ambayo binti hatakisahau hata mwalimu mwenyewe akiwa kaburini.

Hapo alifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa tu na mtu aliyelelewa katika sanaa. Alimwita binti yake akae karibu naye, akamtaka alete wino na karatasi, akamtungia utendi. Akaufananisha na kidani cha lulu na marijani ambacho mama humtungia bintiye ajipambe nacho. Nasi tunajua kuwa katika lugha yetu neno ni lile lile: shanga hutungwa na shairi hutungwa. Ushanga mmoja mkononi hupotea upesi, bali uliotungwa pamoja na wenzake hubaki shingoni.

Utendi wenyewe una beti 102. Ndani yake anamwusia binti yake kwanza ashike dini, faradhi na sunna. Kisha anamfundisha adabu njema, ukweli wa ulimi, heshima kwa watu na kujiepusha na fitina. Halafu anaingia katika mambo ya ndoa na nyumba, akieleza namna ya kuishi na mume, kuiweka nyumba safi, kujipamba na kufukiza manukato. Anataja pia jinsi yeye mwenyewe alivyoishi na mumewe kwa wema hadi kifo kilipowatenganisha. Mwishoni anaomba dua ndefu, akiwaombea watoto wake na jamaa zake, na kujiombea yeye mwenyewe apone. Isitoshe, hakuufanya kuwa wa binti yake peke yake, bali aliwaalika wanawake kwa jumla wausome na kuuzingatia.

Mwana Kupona alifariki dunia katika miaka ya 1860. Binti yake alibaki na wosia ule kwa miaka mingi ya umri wake.

Kwa nini shairi?

Pengine msomaji atauliza: kwa nini mama huyu hakutoa nasaha zake kwa maneno ya kawaida tu, kama wafanyavyo wazazi wengine? Jibu limo katika umbo la utendi. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya mwanzo hufuatana kwa kina chao, na kipande cha nne kina kina kimoja kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji akisahau neno, kina humkumbusha. Akikosea, mizani humfichulia kosa lake. Tena utendi husomwa kwa sauti na lahani, hivyo hata asiyejua kusoma huuhifadhi kwa kuusikiliza.

Hii ndiyo siri ya sanaa katika kumlea mtoto. Nasaha tupu huingia sikio hili ikatokea la pili. Nasaha iliyotungwa vizuri hukaa kifuani, na mtoto huiimba hata anapofanya kazi zake, na siku ya shida ikimfika huikuta ipo. Kwa njia hiyo wosia wa mgonjwa mmoja wa Siyu ulihifadhiwa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi. Baadaye ulinakiliwa na waandishi mahodari, miongoni mwao Muhammad Kijuma wa Lamu, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kitabu nchini Uingereza, na tangu hapo umesomwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Wala njia hiyo haikufa pamoja naye. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, naye aliwatungia wanawe tendi za malezi: Hati kwa ajili ya binti yake na Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume.

Wanaoupinga utendi huu

Uadilifu unatutaka tuseme pia kuwa wapo wasomaji wa leo wasiokubaliana na baadhi ya nasaha za Mwana Kupona. Wengine wanaona amemtaka mke amtii mumewe kupita kiasi, na wengine hawaridhiki na namna alivyowazungumzia watumwa. Ni kweli kuwa utendi huu ulitungwa katika nyumba ya watawala, zama ambazo utumwa ulikuwapo, na alama za zama hizo zimo ndani yake. Wataalamu nao wamehitilafiana: wapo wanaouona kuwa ni mafundisho ya utii, na wapo wanaouona kuwa ni maarifa ya mama aliyemfundisha bintiye namna ya kuishi kwa heshima na kulinda nafasi yake.

Sisi tunasema kwamba hitilafu hiyo nayo ni faida. Desturi ya washairi wetu tangu zamani ni kujibizana, shairi kwa shairi. Kijana aliyefundishwa sanaa hana haja ya kumeza kila alichoambiwa na wakubwa, wala ya kukitupa kwa matusi. Huweza kukipima, akakubali anachokubali, na asichokubali akakijibu kwa hoja na adabu. Asiyefundishwa atabaki na mambo mawili tu, kunyamaza au kugomba.

Funzo kwetu

Ndugu wazazi na walimu, kutokana na maisha ya bibi huyu tunajifunza kuwa sanaa haikuwa pambo la watu waliokwisha kushiba. Kwa Mwana Kupona ilikuwa ndiyo chombo pekee alichoweza kumpakilia mwanawe kila alichokuwa nacho, katika muda mchache uliombakia. Lakini chombo hicho hakukipata siku alipougua. Alikuwa amekwisha kukishika tangu zamani, katika mji ulioona kuwa hati nzuri, nakshi na utenzi ni sehemu ya elimu. Lau wazazi wa zama zake wangesema kuwa kutunga ni kupoteza wakati, Mwana Hashima asingerithi kitu.

Basi tusingoje serikali wala shule itufanyie yote. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani mtoto afundishwe kuandika hati kwa uzuri, si kwa haraka tu. Nyumbani tumpe nafasi ya kuhifadhi utendi mmoja na kuusoma mbele ya jamaa, kisha tumhimize atunge beti zake mwenyewe, hata zikiwa na makosa ya mizani. Mwenye kipaji cha kuchora, kufuma au kuchonga atafutiwe fundi wa kumwongoza. Na wasichana wasiachwe nyuma katika jambo hili, maana aliyetuachia hazina hii alikuwa mwanamke.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, na atuwezeshe sisi kuwarithisha watoto wetu kitakachobaki nao baada yetu. Amin.