Daniel Bernoulli na Maji ya Ploti Yetu

Mwaka huu sikutaka kuandika hadithi ya sungura wala shairi la mapenzi. Nataka kuwasimulia maisha ya bwana mmoja aliyenisaidia kumaliza ugomvi nyumbani, ingawa alizikwa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Kwanza ugomvi wenyewe. Ploti yetu ina nyumba sita za safu moja na tangi moja lililoinuliwa juu ya nguzo, upande wa geti. Sisi tuko mwisho kabisa. Kila asubuhi kabla ya kuja shule ni lazima nijaze mitungi miwili ya lita 20. Mama wa nyumba ya kwanza akifungua mfereji wake afue nguo, wetu unabaki kudondoka machozi tu. Mama yangu alishikilia kwamba yule jirani anatufungia maji makusudi. Wakaacha kusalimiana miezi mitatu mizima, na mimi nikawa nachelewa shule kila mara.

Basi siku moja katika somo la Fizikia likatajwa jina la Bernoulli. Nikaenda kumtafuta vitabuni.

Daniel Bernoulli alizaliwa mwaka 1700 mjini Groningen, Uholanzi, katika ukoo ambao hesabu kwao ilikuwa kama shamba la kurithi. Baba yake, Johann, alikuwa bingwa wa hesabu aliyejulikana Ulaya nzima. Mwaka 1705 walirudi kwao Basel, Uswisi, na Johann akachukua kazi ya uprofesa iliyoachwa na marehemu kaka yake, Jakob. Lakini ajabu ni kwamba mzee huyo hakutaka mwanawe afuate hesabu. Alitaka awe mfanyabiashara. Kijana akakataa, ndipo akaamriwa asomee udaktari. Jameni, sisi tunafukuzwa fukuzwa tusome hesabu, mwenzetu anazuiwa! Hata hivyo aliendelea kujifunza hesabu nyumbani, na mwaka 1721 akapata shahada ya udaktari kwa kuandika juu ya kupumua. Udaktari huo haukupotea bure. Mtu aliyezoea kuwaza jinsi damu inavyopita mishipani hapati shida kuwaza jinsi maji yanavyopita kwenye paipu.

Mwaka 1725 alisafiri na kaka yake Nicolaus hadi St Petersburg, Urusi, ambako akademia mpya ya sayansi iliwaita. Mwaka haujaisha vizuri, Nicolaus akafa kwa homa. Daniel alibaki na upweke mwingi mpaka 1727, alipofika Leonhard Euler, aliyekuwa mwanafunzi wa baba yake. Huko Urusi ndiko Daniel alikofanya jaribio ninalolipenda. Alitoboa tundu dogo ubavuni mwa paipu yenye maji yanayokwenda, akasimamisha hapo mrija mwembamba. Maji yakapanda ndani ya mrija, na kimo chake kikamwonyesha maji yanasukuma ukuta wa paipu kwa nguvu kiasi gani. Yaani presha. Maji yakitulia, yanapanda juu. Yakikimbia, yanashuka. Maji hulipia mbio zake kwa kutoa sehemu ya presha yake.

Alirudi Basel mwaka 1733, akapewa kufundisha mwili wa binadamu na mimea. Mwaka uliofuata akademia ya Paris ilitoa tuzo kwa baba na mwana kwa pamoja. Mzazi mwingine angechinja mbuzi. Johann alikasirika kulinganishwa na mtoto wake, akampiga marufuku nyumbani kwake! Daniel alipochapisha kitabu chake Hydrodynamica mwaka 1738, bado alijiandika kwenye ukurasa wa kwanza kuwa ni mwana wa Johann. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 baba akatoa kitabu chake juu ya mambo hayo hayo, akakiandika kuwa ni cha mwaka 1732 ili aonekane alitangulia. Kwa maoni yangu huo ulikuwa wizi wa mchana. Kanuni ilibaki na jina la mwana, ingawa Euler ndiye aliyeiweka katika umbo tunalolisoma leo. Daniel hakuoa. Alishinda tuzo ya Paris mara kumi, akafundisha Fizikia kuanzia 1750, na akaaga dunia tarehe 17 Machi 1782 hapo Basel.

Sasa turudi kwenye ploti. Maji ya tangi letu yako kama mita 3 juu ya mifereji. Hiyo ni presha ya paskali 30,000 hivi, na mifereji yote ikifungwa, sisi wa mwisho tunapata sawasawa na wa kwanza. Mwenye ploti alidhani tangi pana zaidi lingetusaidia. Wapi! Kinachosukuma ni kimo, si upana. Jirani akifungua, maji yanakimbia katika paipu ileile ya nusu inchi, presha inaliwa na mbio na, zaidi ya yote, na msuguano wa paipu kuukuu. (Huo msuguano Bernoulli hakuutia kwenye hesabu yake.) Nilipima kwa saa ya mkononi. Jirani akiwa amefunga, mtungi ulijaa kwa dakika 2, yaani lita 10 kwa dakika. Akiwa amefungua, ulichukua dakika 5, yaani lita 4 tu.

Mama hakuniamini. Nikawaomba wote wawili waje. Yule jirani akasimama kwake akifungua na kufunga, mama akasimama kwetu akitazama maji yakipanda na kushuka, hakuna mkono wa mtu uliogusa paipu yetu. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akatembea hadi nyumba ya kwanza akamsalimu. Siku hizi jirani huanza kufua saa moja, nikiwa nimeshatoka kuja shule.