Ramadhani 14: Mafungu matatu ya usiku wa Imam Shafi



Huku pwani tunasema sisi ni Shafi, toka enzi za mababu. Lakini tukiulizwa Imam mwenyewe alisomaje sheria, wengi kimya.

Muhammad bin Idris alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767). Baba akafariki yeye angali mdogo, mama akamchukua mpaka Makka. Pesa ya kumlipa mwalimu hakuna, basi mwalimu akakubali kumsomesha bure, naye awaangalie watoto wenzake mwalimu akitoka. Karatasi nazo shida. Akiandika kwenye mifupa, na akiomba karatasi zilizokwisha tumika kwenye diwani aandike upande wa nyuma. Muwatta ya Imam Malik aliihifadhi kabla hajaenda Madina kukaa mbele ya mwenyewe.

Inasimuliwa kuwa usiku wake aliugawa mafungu matatu: la kwanza kuandika, la pili kuswali, la tatu kulala. Nyie vijana wetu mnaosomea sheria, hilo la kulala mliangalie pia. Hakulikata.

Alithamini sana elimu ya tiba, akisikitika Waislamu walivyoipuuza. Na ndani ya al-Umm anamtaja mpiga hijama na ngariba. Mtu kamwambia ampige hijama, au amtahirie mwanawe, yakatokea mauti: kama fundi alifanya yale wafanyayo wajuzi wa kazi hiyo, hana dhamana. Akivuka hapo, anabeba. Lakini tazameni yote yanaanzia wapi. Ni kuambiwa na mwenye mwili, au baba wa mtoto.

Halafu kuna ile inayonishtua kila nikiipitia. Mtu ana uvimbe, mtawala anaamuru ukatwe, mwenyewe ana akili timamu na hataki. Akakatwa kwa nguvu, akafa. Kwa Imam, mtawala anadaiwa damu ile. Mtawala! Na zama zile ni za makhalifa wa Bani Abbas.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi kwenye upasuaji. Ikaja karatasi, wino, dole gumba, kwisha. Hakuna aliyemweleza anakatwa nini. Na mimi, niliyesoma mlango huu, ndiye niliyemwambia aweke dole upesi, foleni ndefu.

Imam miaka yake ya mwisho, huko Misri, aliumwa sana bawasiri, damu ikimtoka, naye bado akisomesha na kuandika. Alifariki mwisho wa Rajab 204 (820), umri miaka 54. Kaburi lake liko Kairo mpaka leo.

Tuonane kesho baada ya Alfajiri, inshaallah.