Abdallah Susi na Shabaha Yake

Mtumbwi utokao Ujiji kwenda kaskazini hauna budi kuipita rasi ya Bangwe. Mnamo Novemba 1871 Abdallah Susi aliipita pamoja na Dk. Livingstone na H. M. Stanley, wakienda kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walikuta kwamba unaingia. Susi hakuwa malaika: Stanley ameandika kwamba katika safari hiyo alilewa, akajilaza kitandani mwa bwana wake. Twataja jambo hili kwa sababu walimu tuna mazoea mabaya ya kusimulia maisha ya watu kana kwamba hawakuwa binadamu.

Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, na huko ndiko alikoajiriwa na Livingstone. Mwaka 1864 alivuka bahari naye hadi Bombay, na mwaka 1866 wakarudi pwani yetu na kuanza safari ya bara. Kwa miaka hiyo yote shabaha ilikuwa ya bwana. Kazi ya Susi ilikuwa kuitimiza.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Hakukuwa na wa kutoa amri tena. Wenziwe walimtaka Susi pamoja na Chuma wawaongoze, wakafanya shauri. Wangeweza kumzika palepale, wagawane mali na kutawanyika. Wakaamua maiti ifike pwani, na baada ya uamuzi huo ndipo mpango ulipofuata, hatua kwa hatua: kumwarifu Chitambo, kujenga kibanda kisicho na paa, kuzika moyo chini ya mti, kutia mwili chumvi na kuuanika juani kwa majuma mawili, kuufunga ndani ya gome la mti. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, aliorodhesha vitu vya marehemu.

Walipofika Unyanyembe, Oktoba 1873, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike hapo. Ushauri huo haukuwa wa kipumbavu, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakaukataa. Huko mbele, karibu na Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Hapo wasafiri waligeuza mpango bila kugusa shabaha: walitengeneza mzigo wa mabua, wakatuma watu wairudishe Unyanyembe hiyo “maiti”, na maiti yenyewe wakaifunga upya kama robota la nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Maisha yake yaliyosalia twayapitia upesi. Alifika Uingereza mwaka huohuo, lakini maziko ya tarehe 18 Aprili yalikuwa yamekwisha kupita. Alifanya kazi tena na Stanley huko Kongo, akabatizwa Unguja mwaka 1886, na akafariki mwaka 1891.

Kwa miaka kadhaa tuliwaandikia wanachuo wetu shabaha za masomo ya mazoezi ya kufundisha, wao wakazinakili vizuri katika maandalio yao. Mmoja alipaswa kufundisha vipimo vya urefu uwanjani. Mvua ikanyesha. Alisimama mbele ya darasa, andalio mkononi, mpaka kengele ikalia. Kosa lilikuwa letu: shabaha haikuwa yake, kwa hiyo hakujua ni kipi katika mpango kinachoweza kubadilishwa.

Siku hizi twakaa na kila mwanachuo kabla ya mazoezi, tukimwuliza anataka watoto waweze kufanya nini mwisho wa kipindi, atajuaje kwamba wameweza, na atafanya nini njia ikizibwa. Kisha twanyamaza. Twakiri kwamba kunyamaza ndiko kugumu, hasa jibu linapokuwa tayari ulimini mwetu. Muhula uliopita mwanachuo mmoja alikusudia kufundisha eneo kwa kupima nyavu za wavuvi. Tulimshauri atumie ubao, kwa kuwa nyavu zingeleta fujo. Alitushukuru kwa adabu, akakataa, akazileta nyavu. Fujo ilikuwapo kweli. Tulikaa nyuma ya darasa na kalamu zetu, tukimtazama akihangaika kuitanda ya kwanza sakafuni, watoto wakimsaidia.