Jean de Joinville, Rafiki wa Mtakatifu Ludoviko

Katika karne ya 13 aliishi huko Champagne, katika Ufaransa, bwana mmoja mwenye ngome na mashamba, jina lake Jean de Joinville. Alizaliwa karibu na mwaka 1225. Angali kijana alirithi cheo cha baba yake, cha kuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya mtawala wa Champagne.

Mwaka 1248 Mfalme Ludoviko wa 9 alikuwa tayari kwenda Vita vya Msalaba, na Joinville akanuia kwenda pia. Siku za Pasaka aliwakusanya watu wake, wakala karamu pamoja. Kisha akawaambia ya kwamba hajui kama atarudi. Basi kila mtu aliyedhulumiwa naye aseme, naye atalipa. Ili wasimwogope, alitoka barazani, akakubali yote waliyoyaamua. Akaweka mashamba yake rehani, kwani hakutaka kusafiri na fedha isiyo halali. Siku ya kuondoka alikwenda pekupeku kuzuru makanisa ya jirani. Hakugeuka kuitazama ngome yake, moyo wake usije ukalegea kwa ajili ya watoto wake wawili aliowaacha humo.

Kabla ya safari, jamaa yake mmoja alikuwa amemwonya: ni aibu kwa bwana kurudi kwao na kuwaacha watu wadogo wa Mungu utumwani. Neno hilo Joinville hakulisahau.

Mwezi wa Juni 1249 jeshi liliteka mji wa Damietta katika Misri. Mwezi wa Februari 1250 walipigana huko Mansura, na damu nyingi ya Wakristu na ya Waislamu ikamwagika. Halafu njaa na ugonjwa viliingia kambini. Mwezi wa Aprili mfalme, Joinville na watu wengi wakatekwa. Mfalme alikombolewa kwa fedha nyingi, akaenda Akko, lakini mateka wengi walibaki Misri.

Huko Akko mfalme aliwauliza wakubwa wake shauri. Karibu wote walitaka kurudi Ufaransa. Joinville, ambaye bado alikuwa kijana kati yao, alishauri mfalme akae, maana akiondoka, wale maskini waliofungwa hawatafunguliwa kamwe. Wakubwa walimkasirikia. Lakini mfalme alikaa mpaka mwaka 1254, na mateka wengi wakapata kurudi.

Tangu hapo mfalme alimpenda Joinville, akamfundisha kama baba. Siku moja alimwuliza lipi afadhali, kupata ukoma au kutenda dhambi ya mauti. Joinville alijibu kwamba afadhali dhambi thelathini kuliko ukoma. Mfalme alimwonya kwa upole kwamba ukoma huisha mtu akifa, lakini dhambi isiyotubiwa huifuata roho.

Mwaka 1267 mfalme alijiweka tayari kwa vita vingine, akamtaka Joinville afuatane naye. Joinville alikataa. Alipokuwa ng'ambo mara ya kwanza, watumishi wa wafalme walikuwa wamewaonea watu wake na kuwafanya maskini. Aliona kwamba akiwaacha tena, atamchukiza Mungu. Ilikuwa vigumu kumkatalia rafiki kama huyo. Mfalme alikwenda, akafa karibu na Tunis tarehe 25 Agosti 1270.

Joinville hakuacha kumpenda. Mwaka 1282 alitoa ushahidi juu ya maisha ya mfalme, na mwaka 1297 Papa Bonifasi wa 8 alimtangaza mtakatifu. Joinville akamjengea altare katika kanisa la ngome yake. Mwaka 1309, naye mzee sana, alimaliza kitabu cha maisha ya rafiki yake. Humo hakuficha makosa yake mwenyewe. Alikufa tarehe 24 Desemba 1317, amepita miaka 90.

Mara ya kwanza alikaa mbali na watoto wake kwa ajili ya wafungwa. Mara ya pili alibaki kwake kwa ajili ya maskini. Mapendo ni yale yale. Mkristu naye ajiulize kila siku ni nani mdogo ambaye Yezu Kristu amemweka mikononi mwake.