Koitalel hakuacha shajara, muuaji wake aliacha

Ukimuuliza mzee wa Kisabaot kule Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, babu yake alikuwa wa lini, huenda asikutajie mwaka. Atakutajia rika: Maina, Chumo, Kaplelach, Nyongi. Majina haya huzunguka, yakiisha yanaanza upya. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda ya Wakalenjin kabla kalamu haijafika.

Katika ulimwengu huo wa mdomo na sikio aliishi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ndugu za Wasabaot. Baba yake, Kimnyole, alikuwa orkoiyot, yaani kiongozi na mtabiri. Inasimuliwa kwamba alitabiri nyoka atakayepita nchini mwao akitema moto na moshi. Karibu mwaka wa 1890 watu wake wenyewe walimuua, wakimlaumu kwa majanga yaliyowakumba.

Nyoka akaja kweli: reli ya Waingereza. Kwa takriban miaka 10 kuanzia 1895, Wanandi wakapambana. Nyaya za simu wakazifanya mapambo, vyuma vya reli wakavifua silaha.

Oktoba 19, 1905, afisa wa Uingereza, Richard Meinertzhagen, alimwita Koitalel wakutane kwa mazungumzo ya amani. Koitalel akaenda. Akapigwa risasi papo hapo, na wenzake wakauawa pia.

Sasa ona shida ilipo. Wanandi hawakuwa na maandishi, lakini muuaji alikuwa na shajara. Aliandika kwamba alikuwa akijihami. Wakubwa wake jeshini wakamsafisha, na mwaka wa 1957 shajara ikatoka kama kitabu. Aliyetaka kusoma jinsi Koitalel alivyokufa ilibidi amsome aliyemuua.

Lakini wazee hawakunyamaza. Waliendelea kuwaambia wajukuu kwamba aliitwa kwa amani akasalitiwa. Baadaye ikaja kujulikana kuwa Meinertzhagen hakuwa mtu wa kuaminika. Hata ndege waliokaushwa aliwaiba kwenye makumbusho ya London. Fimbo za Koitalel alizokwenda nazo kwao Uingereza zilirudishwa Kenya mwaka wa 2006.

Kwa hivyo ukienda ushago, na mzee aanze hadithi zake, usikimbilie TikTok. Bonyeza rekodi. Koitalel hakuwa na simu ya kurekodi. Wewe unayo mfukoni.